Watoto 84, sentensi moja: "Fisi ni mbaya"

BARUA

Shikamoo Bibi Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Darasa la Tatu katika shule ya msingi ya serikali huku Korogwe. Huu ni mwaka wangu wa nne kazini, na darasani nina watoto 84. Nakuandikia kwa sababu nimefika mahali sijui tena nishike lipi, na nimeona haya kuwauliza walimu wenzangu.

Wiki mbili zilizopita niliwasimulia hadithi ya fisi na njia panda. Unaijua: fisi alisikia harufu ya nyama, akafika njia panda, harufu inatoka huku na inatoka kule. Akataka zote. Mguu mmoja njia hii, mguu mwingine njia ile, mwisho akapasuka msamba. Watoto walicheka hadi wakapiga madawati. Nikafurahi, nikasema leo wataandika. Nikaandika ubaoni vivumishi: -zuri, -baya, -kubwa, -refu, -fupi, -nene. Nikawaambia waandike sentensi tano zinazomweleza fisi. Darasa likawa kimya. Nilipoona wamekwama nikawapa mfano mmoja ubaoni: "Fisi ni mbaya."

Jioni nikabeba madaftari nyumbani. La kwanza: Fisi ni mbaya. La pili: Fisi ni mbaya, fisi ni mkubwa. La thelathini: Fisi ni mbaya. Waliojitahidi zaidi waliandika "Fisi ni mnene", na hadithini hakuna mahali niliposema fisi ni mnene. Neno lilikuwepo tu ubaoni. Wengine waliandika "fisi kubwa". Nilisahihisha hadi saa tano usiku, nikalala na uchungu.

Kinachoniuma zaidi ni msichana mmoja anayekaa dawati la nyuma. Wakati wa mapumziko huwakusanya wenzake chini ya mwembe akawasimulia upya hadithi nilizosimulia mimi. Anachechemea, anabadilisha sauti, anatoa ulimi. Nilidhani daftari lake litakuwa tofauti. Nilikuta "Fisi ni mbaya", na chini yake mstari alioandika akafuta, akaandika tena akafuta, mpaka karatasi ikatoboka.

Muhula uliopita mthibiti ubora aliangalia madaftari yangu akasema, "Watoto wako wananakili, hawaandiki." Neno hilo bado liko kifuani. Kitabu cha hadithi tunacho kimoja kwa watoto watano. Baadhi yao nyumbani wanaongea Kisambaa au Kizigua. Je, tatizo ni kwamba hawana maneno? Niwafundishe vivumishi zaidi? Nifanyeje, Bibi?

Mwalimu wa Darasa la Tatu, Korogwe


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa usiku ule.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara macho yangu yanasimama kwenye lile tundu la karatasi. Madaftari 83 yamekuonyesha ulichoandika wewe ubaoni. Hilo moja limekuonyesha mtoto aliyetaka kuandika cha kwake. Mtoto asiye na neno hafuti hadi karatasi itoboke. Anayefuta ni yule mwenye neno kichwani, ila hana hakika linaandikwaje. Nina dhana kwamba neno lenyewe lilikuwa "anachechemea". Hebu litazame kwa jicho la mtoto wa miaka tisa: silabi sita, "che" mbili mfululizo, na penseli butu. Akatazama ubaoni, akaona "-baya" imeshaandikwa na mwalimu, haina hatari. Akaichukua hiyo.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana. Maneno wanayo, na usiwaongezee orodha ya vivumishi. Huyo msichana anayo hadithi nzima mdomoni, na wale walioangusha vicheko hadi wakapiga madawati walimwona fisi vizuri sana. Kinachokosekana ni daraja kati ya macho yao na daftari, na ujenzi wa daraja hilo ndiyo kazi yetu.

Mimi nilishika chaki miaka 31, mingi yake nikiwa na madarasa ya chini, na miaka ya mwanzo nilifanya kama ulivyofanya. Kilichonibadilisha ni swali moja dogo ambalo nataka ulichukue, uache mengine yote ikibidi: "Umejuaje?"

Mtoto anasema, "Fisi ni mbaya." Usimwambie amekosea, maana hajakosea. Muulize, "Umejuaje?" Atatulia kidogo. Kisha atasema, "Kwa sababu anataka nyama yote peke yake." Hapo tayari kuna sentensi. Muulize tena, "Ulimwonaje alipoitaka?" Atasema, "Mate yalikuwa yanamdondoka." Mwambie, "Hiyo hiyo. Iandike hiyo." Mtoto amefika mwenyewe kutoka "Fisi ni mbaya" hadi "Fisi alipoisikia nyama, mate yalimdondoka", na wewe hukumpa hata neno moja.

Ifanye vivyo hivyo kwa sungura, maana ninajua wakiandika juu ya sungura watakuandikia "Sungura ni mjanja" mara 84. Umejuaje kama ni mjanja? "Alimwambia simba kuna simba mwenzake kisimani." Basi tuandikie hilo, na msomaji atajua mwenyewe kwamba ni mjanja. Neno "mjanja" liwe mlango wa kuingilia tu. Watoto wakizoea, wataanza kuulizana wenyewe. Nilikuwa na darasa ambalo ukisema lolote, hata "Mwalimu, huyu ananionea", wenzake wote wanajibu kwa pamoja, "Umejuaje!"

Sasa kuhusu ile orodha yako ya ubaoni, nivumilie niseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa walimu wengi tunapotea. Tumezoea kufikiri kwamba kueleza sifa ni kazi ya vivumishi. Lakini Kiswahili chetu, ukikichunguza, vivumishi halisi vya kupachika kiambishi, hivi vya -zuri na -baya, si vingi. Unaweza kuvimaliza ubao mmoja. Lugha yenyewe haivitegemei sana. Msikilize bibi yeyote wa hapo Korogwe anapomweleza mtu asiyemjua jina. Hasemi "yule mrefu mzuri". Anasema, "Yule mwenye pengo, mke wa fundi baiskeli, anayetembea kama anachelewa gari." Tazama alivyofanya: ametumia "mwenye", ametumia "wa", na ametumia kitendo kilichobeba sifa. Hana kivumishi hata kimoja cha ubaoni, na wewe ukikutana na huyo mama sokoni utamtambua.

Hizo ndizo njia ambazo mtoto wa Darasa la Tatu anazo tayari mdomoni. Fisi mwenye miguu ya nyuma mifupi. Fisi wa porini. Fisi aliyeshinda njaa siku mbili. Fisi amekonda, mbavu zinahesabika. Na zile tanakali za sauti wanazozipenda: macho mekundu pyu, usiku wa giza totoro, alianguka chini pu! Mtoto akiandika "pu!" usimkate kwa kalamu nyekundu. Ametumia lugha ya mama yake sawasawa.

Na mfananisho usiusahau. Mwaka mmoja nilikuwa na kijana ambaye kusoma kulimwia vigumu, na wengi walishamkatia tamaa. Tulizungumza habari ya fisi hivi hivi, nikawauliza anatembeaje. Yeye akaandika, kwa herufi zilizopanda na kushuka: "Fisi anatembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji mkono mmoja." Mwanangu, nilisimama pale kando ya dawati nikashindwa kuendelea. Huyo mtoto alikuwa anateka maji kila asubuhi kabla ya shule. Bega moja limeshuka, mwili umeinama upande, hatua fupi fupi. Kila aliyewahi kumwona fisi anajua kwamba ndivyo alivyo. Hakukipata kitabuni. Alikitoa kwenye mkono wake mwenyewe. Tangu siku ile sikumkatia tamaa mtoto yeyote kwa sababu ya mwandiko.

Umeuliza juu ya Kisambaa na Kizigua. Hiyo ni mali, wala si kikwazo. Mwache mtoto amweleze jirani yake fisi kwa lugha anayoiota usiku, kisha watafute pamoja namna ya kulisema kwa Kiswahili. Wakikwama na neno moja, darasa zima lisaidie. Utashangaa mara ngapi neno lenyewe liko karibu sana.

Sasa tuje kwenye shida ya watoto 84, maana ushauri wa kumsikiliza kila mtoto ni mtamu kwa mwenye watoto 20.

Kwanza, kalamu isitangulie mdomo. Kabla hawajaandika, waliokaa dawati moja waelezane. Mmoja aigize fisi akiwa amekaa hapo hapo: uso tu, mikono tu. Mwenzake aseme anachokiona. Dakika tano zinatosha, na makelele yatakuwepo. Yavumilie, hayo ndiyo maandalizi. Kisha sentensi moja. Zile tano ulizoomba zilikuwa nyingi, mwanangu. Mtoto akiambiwa tano anatafuta njia ya kuzimaliza, na njia fupi ni kunakili. Akiambiwa moja, na hiyo moja lazima ijibu "Umejuaje?", ataihangaikia. Kwa kipindi cha siku moja, sentensi moja ya kweli ni kazi kubwa.

Pili, kuhusu kusahihisha, acha kubeba madaftari yote kila siku. Yagawe mafungu matano. Kila siku unabeba 17, na ikifika Ijumaa umeshawasoma wote kwa utulivu. Ukisoma sentensi ya mtoto, mwandikie neno moja la kujibu kile alichosema, kabla ya kuangalia alivyokiandika. "Nimemwona!" inatosha. Mtoto akiona mwalimu amemwona fisi wake, kesho atakuletea mwingine.

Na hapa nirudi kwenye lile tundu. Wafundishe kanuni hii na uirudie kila siku mpaka waichoke: neno usilojua linaandikwaje, liandike unavyolisikia, lipigie mstari chini, uendelee. Usifute. Ule mstari unakuambia wewe mwalimu, "Hapa nisaidie." Baada ya wiki moja utakuwa na orodha ya maneno yaliyopigiwa mstari kutoka madaftari yao wenyewe, na hayo ndiyo maneno ya imla yako, yanatoka kwao na wanayahitaji. "Anachechemea" litakuwa la kwanza, naweka dau.

Lile la "fisi kubwa" nalo lina saa yake, na si siku ya kuandika mara ya kwanza. Mtoto aliyeshughulika kuona hawezi papo hapo kushughulika na ngeli. Subiri siku nyingine, chora fisi mkubwa ubaoni, hata kama hujui kuchora, halafu mpite mwilini mwake pamoja. Mkia mfupi. Miguu mifupi. Jicho jekundu, macho mekundu. Meno makali. Masikio ya mviringo. Na mwenyewe, kwa kuwa ni kiumbe hai, ni fisi mkubwa, kama mtu mkubwa. Kifaru naye ni kifaru mkubwa, ingawa jina lake linaanza na "ki", ila pembe yake ni ndefu na ngozi yake ni nene. Mwili wa mnyama mmoja una ngeli tele ndani yake, na mtoto akizipitia kwenye mwili wa fisi anayemjua, zinamkaa kuliko jedwali lolote.

Kuna mchezo mmoja ambao nausikitikia kwamba hatuutumii ipasavyo, ilhali tuliurithi bure. Ni kitendawili. Mtoto wa kwetu anajua tangu utotoni kwamba unaweza kukieleza kitu mpaka mwenzako akijue bila kukitaja. "Nyumba yangu haina mlango." Yai. "Kila niendapo ananifuata." Kivuli. Haya ni maelezo yaliyonyooka, na watoto wanayatega na kuyategua kila jioni. Kwa hiyo siku moja waambie: kila dawati liandike kitendawili cha mhusika mmoja wa hadithi zetu, jina lisitajwe. Wakisimama, waseme "Kitendawili!", darasa lijibu "Tega!", wasome.

Utaona jambo zuri litakalotokea. Dawati moja litasoma, "Ana masikio marefu." Nusu ya darasa watapiga kelele "Sungura!" na nusu "Punda!" Usiwaambie nani mshindi. Waambie wenye kitendawili warudi kwenye daftari. Wataongeza: "Ana masikio marefu na mdomo wa juu uliopasuka." Sasa punda ameondoka mwenyewe. Watoto wamejifunza, bila wewe kuhutubia, kwamba sentensi inayomfaa kila mtu haimwelezi yeyote, na wamejifunza kutafuta kile alicho nacho huyu peke yake. Ukirudi kwenye "Fisi ni mbaya" baada ya mchezo huu, wao wenyewe watakuambia: "Mwalimu, hata chui ni mbaya. Hata nyoka."

Juu ya upungufu wa vitabu, sitajifanya si tatizo. Ni tatizo, na uendelee kumkumbusha mwalimu mkuu. Ila kwa kazi hii huhitaji vitabu 84. Unahitaji hadithi moja iliyosimuliwa vizuri, na hiyo umeshaonyesha unaiweza. Siku nyingine mlete jogoo halisi darasani, umfunge mguu kwenye dawati la mbele. Watoto wamtazame kimya kwa muda kabla ya kusema neno, ndipo uwasimulie hadithi ambayo jogoo yumo. Wanaofuga kuku kila siku wataona vitu ambavyo hawakuwahi kuvitazama, kama vile kope zake zinavyofumba.

Mthibiti naye, neno lake lilikuwa kali lakini halikuwa uongo, na wewe umelijua hilo, ndiyo maana limekukaa kifuani. Lisikuvunje. Akirudi mwonyeshe madaftari yenye sentensi chache, kila moja tofauti na ya jirani yake. Kwenye andalio lako la somo liandike waziwazi lile swali "Umejuaje?" kama hatua ya somo, ili anayekagua aone kwamba ni mpango na si uvivu wa kutoa kazi chache. Na ule mfano wa ubaoni, tangu leo, usiuache ukionekana wanapoandika. Utumie kwa mdomo, ufute, ndipo washike penseli. Watoto wetu ni watiifu mno. Ukiwaachia mfano mbele ya macho wanadhani ndilo jibu.

Kisha huyo msichana. Jumatatu, wakati wa mapumziko, nenda chini ya mwembe. Kaa na wenzake, msikilize akisimulia, usimsahihishe. Akimaliza, mwite pembeni na lile daftari lake. Fungua ukurasa wenye tundu, umuulize kwa upole, "Hapa ulitaka kusema nini?" Chochote atakachokuambia, kiandike wewe kwa mkono wako chini ya lile tundu, neno kwa neno, umsomee, kisha mwache akinakili mwenyewe kwenye ukurasa unaofuata. Huko ni kunakili, ndiyo, lakini ananakili maneno ya kinywa chake. Ukurasa usiuchane.

Halafu niandikie uniambie alisema nini. Nangoja.

Bibi Mwalimu